Si kila "zinki" ni zinki: anodi ya boti ichaguliwe kwa maji

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tulizungumzie neno moja linalowagharimu wenye boti kuanzia Mafia hadi Ukerewe. Neno lenyewe ni "zinki". Ingia duka la vipuri vya boti, ulizia kile kipande cha madini kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe badala ya propela, na jibu litakuwa "zinki hiyo hapo". Huenda ni zinki kweli. Huenda ni alumini, au magnesi. Vyote vitatu vina rangi ya kijivu, matundu ya bolti yako pale pale, na muuzaji anaviita jina moja. Tofauti huonekana miezi sita baadaye boti ikipandishwa, na hapo gharama haiwi tena ya kipande bali ya shafti, yaani fimbo inayozungusha propela.

Jina lake ni anodi, na wengine huiita anodi ya kafara. Kiswahili hapa kimelenga: ni kitu kinachotolewa ili kingine kipone. Metali mbili za aina tofauti zikizama katika maji mamoja huku zimegusana au zimeunganishwa kwa waya, tayari ni betri. Ile iliyo nyepesi kutoa umeme inayeyuka taratibu, nyingine inabaki nzima. Propela ya bronzi juu ya shafti ya stenlesi, chini ya boti ya chuma, ni betri iliyokamilika, na kinacholiwa ni chuma cha boti. Ongeza hapo metali iliyo nyepesi kutoa umeme kuliko zote, nayo italiwa yenyewe.

Wepesi huo hupimwa kwa volti. Katika maji ya bahari, ukipima kwa elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha (kifaa cha kulinganishia volti), bronzi husoma karibu −0.3, chuma cha kawaida kati ya −0.60 na −0.70, zinki karibu −1.03, alumini iliyochanganywa kwa kazi ya anodi karibu −1.10, na magnesi −1.5 au zaidi kidogo. Chuma huhesabiwa kuwa salama kikishushwa hadi −0.80. Maana yake zinki ina msukumo wa karibu robo volti tu juu ya hapo, na magnesi ina 0.7, yaani karibu mara tatu.

Baharini robo volti inatosha kabisa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi mkubwa: karibu maikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Ziwa Victoria ni karibu 100. Hiyo ni tofauti ya mara 500. Msukumo mdogo wa zinki ukikutana na maji kama hayo haufiki mbali. Unalinda sehemu ndogo iliyo karibu nao na kuishia hapo. Na kuna ubaya wa pili. Katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujivika ganda gumu jeupe la hidroksidi na kabonati, kisha hulala. Mwenye boti anaikuta baada ya mwaka ikiwa nzima, na namba za kiwandani bado zinasomeka, anafurahi kwamba ni imara. Anodi isiyoliwa haijafanya kazi. Kilicholiwa ni kitu kingine, akitafute.

Husikika hoja kwamba ziwani hakuna kutu, na mfano unaotolewa ni MV Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuelea 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Ni kweli ilikaa chini ya Ziwa Tanganyika miaka minane na ikafaa tena. Lakini mitambo yake ilikuwa imepakwa grisi nzito kabla ya kuzamishwa, na meli iliyolala chini haina injini inayozunguka, haina jenereta, wala waya wa betri unaovuja umeme kwenye ngama (sehemu ya chini ndani ya boti). Maji baridi hupunguza mwendo wa ulaji na kuufupisha umbali wake. Hayauzuii. Boti ya chuma yenye propela ya bronzi ziwani huliwa karibu na propela, kwa mashimo madogo yenye kina, na hayo ndiyo mabaya kuliko kutu ya kuenea kwa sababu rangi huyaficha.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Fundi wa boti na ajue pia chumvi yake. Ziwa Nyasa ni karibu maikrosimensi 250. Tanganyika ni kati ya 650 na 700, na maji yake yana magadi kiasi, pH (kipimo cha asidi na magadi) karibu 9. Turkana, upande wa Kenya, ni karibu 3,500 na magadi zaidi. Midomo ya mito kama Rufiji na Pangani hubadilika kwa saa: maji yakijaa bahari inaingia, yakitoka unabaki mto. Kwa hiyo mtu asichague kwa jina la mahali tu. Kile kipimo kidogo cha mfano wa kalamu kinachotumiwa kupima maji ya visima kinatosha. Kama kinasoma kwa miligramu kwa lita, zidisha mara mbili upate maikrosimensi za kukadiria. Sisi tunaweka mpaka hivi: chini ya 1,000 ni magnesi, kati ya 1,000 na bahari kamili ni alumini, bahari kamili ni alumini au zinki, upendavyo. Tanganyika ndiyo yenye kuhitaji busara. Boti ya chuma pale tutaifunga magnesi bila wasiwasi, lakini mguu wa injini ya kupachika (ile inayofungwa nyuma ya boti), ambao ni wa alumini, tutaufunga anodi ya alumini na kuukagua kila mwezi, maana alumini haipendi magadi na magnesi huongeza magadi pale pale ilipofungwa.

Hilo la magadi lielezwe vizuri, kwa sababu ndiko makosa ya "nyingi ni bora" yanakotoka. Metali inayolindwa huzalisha ukali wa aina ya magadi juu ya uso wake. Kwenye chuma haina shida. Kwenye alumini, ulinzi ukipita −1.20 volti, ukali huo unaanza kuila alumini yenyewe, huku rangi ikivimba malengelenge. Ndiyo sababu magnesi ni marufuku kwa boti ya alumini au mguu wa injini baharini. Itaisha yenyewe katika majuma machache, lakini kabla ya kuisha itakuwa imevua rangi yote. Boti ya ziwani yenye magnesi ikipelekwa Tanga au Mombasa kwa kazi ya zaidi ya wiki moja, ibadilishwe anodi kabla haijashushwa majini.

Kwenye mbao ni hatari zaidi na hazungumzi mtu. Mashua na majahazi mengi siku hizi yana injini ya ndani, shafti na bolti nyingi za metali zinazopita kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake). Fundi akiunganisha kila bolti kwa waya na kufunga zinki kubwa tatu nne, ukali wa magadi unajikusanya ndani ya tundu la kila bolti na kuyeyusha kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, na mbao ikiguswa kwa kisu inachambuka kama sufi. Bolti ni nzima, mbao imekufa. Katika chombo cha mbao linda shafti, propela na usukani tu, kwa kola moja ya shafti (anodi ya mviringo inayoizunguka) na kipande kidogo cha usukani. Bolti zilizozama katika mbao ziachwe bila kuunganishwa. Kipimo kwenye bronzi kikiwa kati ya −0.55 na −0.60, inatosha. Kikipita hapo punguza.

Baharini, kati ya zinki na alumini, sisi tunachagua alumini, ingawa zinki ina heshima ya zamani. Kilo moja ya zinki hutoa amperi-saa 780. Kilo ya alumini ya anodi hutoa karibu 2,500. Magnesi karibu 1,100. Tuchukue boti ya chuma yenye urefu wa mita 10 kwenye mstari wa maji, upana mita 3 na kina mita 1. Zidisha urefu kwa jumla ya upana na kina, kisha kwa 0.75: unapata mita za mraba 30 zilizo majini. Chuma chenye rangi nzuri kihesabiwe miliamperi 15 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni 0.45 amperi kwa boti nzima. Mwaka una saa 8,760, hivyo mahitaji ni amperi-saa 3,942. Kwa zinki, gawanya kwa 780, kisha gawanya kwa 0.85 kwa sababu anodi haitumiki yote: kilo 5.9. Kwa alumini hesabu ile ile inatoa kilo 1.9. Rangi ikiwa imechakaa na chuma kiko wazi, mahitaji yanapanda mara kadhaa, na hapo dawa ni rangi kwanza. Ziwani hesabu hii ya kilo haisaidii sana, kwa kuwa tatizo la huko si akiba ya umeme bali umbali wake. Gawa uzito ule ule wa magnesi katika vipande vidogo vingi vilivyotawanywa, hasa upande wa tezi (nyuma ya boti) karibu na propela, badala ya kipande kimoja kikubwa katikati.

Alumini inayosemwa hapa si alumini ya sufuria. Anodi ya kweli ina zinki kati ya asilimia 4 na 6.5 na indiamu kidogo sana, takriban asilimia 0.015 hadi 0.02. Bila indiamu alumini hujifunika utando na kulala. Kadhalika zinki ya anodi haitakiwi kuwa na chuma kinachozidi asilimia 0.005. Ndiyo maana vipande vinavyomiminwa mtaani kutokana na mabati, vikasha vya betri kavu na vyakavu vingine havina thamani, hata viwe na uzito gani: chuma kidogo tu kilichochanganyika humo kinatosha kuvifanya vijivike ganda. Bei yake ni nusu, kazi yake ni sifuri.

Kufunga ndiko kunakoharibu hata anodi nzuri. Anodi lazima iguse metali kwa metali. Mahali inapokaa pasuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi pang'ae, pasibaki rangi wala silikoni, na grisi isipakwe katikati. Kati ya anodi na kitu kinacholindwa ukinzani usizidi 0.01 ohmu, mita za umeme za kawaida hazipimi kidogo hivyo, kwa hiyo gusisha kwanza ncha mbili za mita zenyewe, kumbuka namba, kisha pima kazi yako: zikitofautiana, fungua usafishe upya. Kola ya shafti ikishakazwa, igongwe kwa nyundo ya mpira pande zote, ikazwe tena, na ikaguliwe baada ya siku chache, kwa sababu ikilegea inazunguka juu ya shafti na kutoboa mfereji. Iache nafasi mbele ya beringi ya mpira ili maji ya kupoza yapite. Kama shafti imeungwa na injini kwa kapulingi ya mpira, anodi ya boti haiifikii; ifungwe kola yake yenyewe. Na anodi isipakwe rangi. Tunalirudia hili kwa sababu wapaka rangi wakilipwa kwa siku hawabagui: funika anodi kwa karatasi na gundi kabla hawajaanza.

Injini za kupachika zina anodi zaidi ya moja na wengi wanaijua moja tu, ile yenye umbo la pezi juu ya propela. Hiyo nayo husaidia usukani, kwa hiyo chora alama ya pembe yake kabla ya kuifungua, la sivyo boti itavuta upande. Ya pili iko chini ya mabano yanayoshika injini kwenye tezi, na mifano mingi ina nyingine ndani ya njia za maji ya kupoza. Ukinunua injini iliyotumika Dar es Salaam ukaipakia kwenye lori kwenda Mwanza au Musoma, badilisha zote. Hali kadhalika anayerudisha boti pwani na zinki zilizokaa ziwani: ganda lile jeupe haliondoki lenyewe kwa kurudi kwenye chumvi. Kwenye injini za ndani angalia penseli ya anodi katika kipoza maji, kila miezi mitatu. Uzi wake usizungushiwe tepu nyeupe ya mabomba. Tepu hiyo inazuia umeme, na penseli inabaki pambo.

Usichanganye aina mbili kwenye boti moja iliyounganishwa kwa waya. Magnesi ikikaa na zinki, itamlinda zinki. Na rangi ya sumu yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe kuganda, isiguse alumini hata kidogo. Shaba huila alumini kwa kasi kuliko chumvi. Kuna rangi zisizo na shaba kwa kazi hiyo. Propela ya bronzi ikilindwa vizuri nayo huanza kushika magamba ya baharini, kwani shaba yake haitoi tena sumu. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alilikuta jambo hilo miaka 200 iliyopita, alipolinda kwa chuma na zinki mabamba ya shaba chini ya meli za Uingereza: shaba ikapona, meli zikaota majani. Hiyo si hitilafu. Ikwangue kwa kikwaruzo, usipunguze anodi.

Kupima si kazi ya meli kubwa tu. Asiye na elektrodi ya fedha, baharini atumie kipande kipya cha zinki safi kilichofungwa kwenye waya wa shaba, kiungo cha waya kikiwa juu ya maji. Kining'inize ubavuni bila kugusa boti, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye chuma cha boti kilichokwanguliwa. Ikisoma 0.25 au chini yake, chuma kimelindwa. Ikisoma karibu 0.40, anodi hazifanyi kazi au hazipo. Ziwani njia hii haifai kwa sababu zinki yenyewe italala.

Anodi ibadilishwe ikibaki nusu ya uzito wake. Ikifika nusu katika wiki tatu badala ya mwaka, usikimbilie kufunga kubwa zaidi. Hapo kuna umeme unaovuja. Kwa kawaida ni waya wa pampu au wa taa za dagaa ulioungwa kwa tepu na kulala ndani ya ngama. Chomoa terminali ya betri, pima kati ya terminali na waya ulioutoa huku swichi zote zimezimwa: kila miliamperi inayoonekana ina njia yake, na ifuatwe waya kwa waya.

Ombi letu kwa wauzaji ni dogo: andikeni kwenye kibandiko jina la metali na uzito wake. Hadi hapo mnunuzi aende dukani na mzani na jagi lenye alama. Kipande kinachopandisha maji kwa mililita 100 kikiwa na gramu 700 hivi ni zinki. Gramu 280, alumini. Gramu 175, magnesi. Chenye kiini cha chuma kitazidi kidogo. Ukibaki na shaka, tone la siki juu ya sehemu iliyokwanguliwa: magnesi hutoa mapovu papo hapo, zinki polepole sana, alumini karibu haitoi.

Mafundi wa maboti na injini,
Mwanza